Sponji, blanketi au mkeka wa watoto: mfuko wa kompyuta mpakato ujazwe kwa kipi?

Wateja wangu wengi huanzia nje. Mtu anafika na kitenge, anakikunjua mezani, ananionyesha ua analotaka likae katikati ya mfuko wa kompyuta yake mpakato, na tunapatana bei kabla hajauliza ndani nitaweka nini. Kile kitenge hukisogeza pembeni kwanza. Nataka tuzungumzie kinacholala kati ya kitambaa cha nje na bitana, maana huko ndiko kompyuta inakopona au kuvunjika, na mtu akishachukua mfuko wake hawezi tena kukiona.

Swali limekuwa la kila siku tangu vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya mwaka 2022 vilipogawiwa walimu. Walimu wanakuja wawili wawili, kila mmoja na ushauri aliousikia: weka sponji, weka blanketi, weka ile mikeka ya herufi wanayochezea watoto. Mwishowe nikaamua kushona mifuko mitatu ya kipimo kimoja, kwa kompyuta ya aina moja, nikaigawa kwa watu watatu waitumie miezi minne, kisha nikaifumua nione ndani kumebaki nini.

Wa kwanza ulikuwa wa kitenge, ndani sponji la godoro la nusu inchi, bitana ya satini, na zipu. Huu ndio unaoshonwa na mafundi wengi hapa Dar. Akauchukua binti yangu anayesoma chuo, anayepanda mwendokasi asubuhi na jioni. Wa pili ulikuwa wa kitambaa cha jinsi (jeans) cha mitumba, ndani blanketi la zamani lililokunjwa mara mbili, bitana ya kanga iliyokwisha kufuliwa mpaka ikalainika, na mfuniko wa kifungo. Huo alipewa shemeji yangu, mwalimu. Wa tatu niliushona kwa turubai, ndani mkeka wa watoto wa unene wa sentimita 1, bitana ya flaneli, na zipu nene. Ukaenda kwa mdogo wangu ambaye kazi yake yote iko juu ya bodaboda.

Kwanza jiulize unaikinga na nini

Kompyuta inayokaa kwenye begi la mgongoni ndani ya daladala hupata shida ya kubanwa. Mtu anakuegemea, begi linasukumwa kwenye chuma cha kiti, na kilichomo ndani kinasukuma kifuniko cha kompyuta kwa nguvu yote pahali pamoja. Kioo huvunjika hivyo bila kuanguka hata mara moja. Mara nyingi kinachosukuma ni chaja ya mwenyewe, ile tofali yake nyeusi, iliyopachikwa kwenye mfuko wa mbele. Kwa hiyo hata mteja akiniomba vipi, sishoni tena mfuko wa chaja juu ya upande wa kioo. Namshonea kifuko chake peke yake, cha kamba, kwa vipande vilivyobaki, na simlipishi.

Anayepanda bodaboda ana habari nyingine: mtikisiko usiokwisha, vumbi, mvua ya ghafla, na siku moja moja kuanguka. Mwalimu anayebeba kishikwambi kutoka ofisini hadi darasani anahitaji kukinga mikwaruzo na kuteleza kutoka mezani, basi. Hao watatu wakishonewa mfuko mmoja, wawili kati yao watakuwa wamepoteza hela.

Jaribio la sarafu

Kabla hujanunua chochote cha kujazia, chukua sarafu ya shilingi 200, ilaze mezani, ifunike kwa kile unachotaka kutumia, kisha kandamiza kwa dole gumba kama mtu anayetaka kuacha alama. Ukisikia ukingo wa sarafu, ujue na kona ya chaja itasikika hivyo hivyo kwenye kioo.

Kwa sponji la godoro la nusu inchi ukingo unasikika wote. Nililikunja mara mbili, likawa inchi nzima, na bado nikakandamiza nikaufikia. Blanketi likikunjwa mara mbili, unasikia kitu kiko chini lakini ukingo wenyewe umepotea, umekuwa kama uvimbe. Kwenye mkeka wa watoto sikusikia kitu.

Sababu yake utaiona ukikata kila kimoja kwa wembe. Sponji la godoro lina vijumba vilivyofunguliana, hewa inapita toka hiki kwenda kile, kwa hiyo ukilibonyeza hewa yote inatoka na linabaki bapa kama karatasi. Mkeka wa watoto una vijumba vidogo sana vilivyofungwa, kila kimoja kimeshika hewa yake. Ndiyo maana sponji ukilidumbukiza kwenye beseni linakunywa maji na mkeka unaelea.

Sponji

Nianze kwa kulitendea haki. Sponji ni rahisi kupatikana, hukatika kwa mkasi wa kawaida, halimsumbui fundi, na mfuko wake mpya unapendeza macho: umejaa, umetuna, kitenge kimenyooka. Mteja akiubonyeza dukani anaridhika. Kwa kuzuia mikwaruzo na kugongagongwa kidogo linatosha.

Ila huku pwani sponji haliishi. Joto na unyevu hulila polepole: linaanza kuwa la njano, kisha linapoteza nguvu ya kurudi likibonyezwa, mwisho linakuwa unga. Hilo nililipata kwangu mwenyewe. Nilijishonea mfuko mwaka wa kwanza nilipoanza kazi hii, nikautumia zaidi ya miaka mitatu, na siku moja bitana ilipochanika kwenye mshono nikakuta chembe za njano zimeingia katikati ya vitufe vya kompyuta. Zinanata. Nilizitoa kwa brashi ya meno, kitufe kimoja kimoja, jioni nzima.

Mfuko wa binti yangu baada ya miezi minne ulikuwa bado mzuri kwa nje. Nilipoufumua, chini kabisa, kompyuta inapokalia, sponji lilikuwa limelala na halikunyanyuka tena. Pembeni lilikuwa zima, lakini pembeni hakuna kazi kubwa. Maana yake lilikuwa limekufa palepale lilipohitajika.

Blanketi

Hili wengi hulidharau kwa sababu halitunishi mfuko. Mimi nalipenda. Blanketi zito la zamani, hasa lile lililofuliwa mara nyingi likasinyaa na kushikamana, halina cha kuwa unga. Linalala vizuri chini ya cherehani, halitelezi, na ukilipiga mistari pamoja na bitana linakuwa kitu kimoja. Mfuko unakuwa mwembamba, unaingia kwenye begi lolote. Mfuko wa shemeji yangu ulirudi kama ulivyotoka.

Ubaya wake ni maji. Blanketi likilowa halikauki upesi, na kipindi cha masika, kuanzia Machi hadi Mei, mfuko uliolowa ukafungiwa kabatini utatoa harufu na kuota ukungu. Ukichagua blanketi, ufue mfuko siku ya jua kali, uuning'inize ukiwa umepinduliwa nje ndani, na usirudishe kompyuta mpaka ukipeleka mkono kwenye kona za chini usisikie ubaridi.

Na kwa kuanguka, blanketi linasaidia kidogo tu. Linakinga mkwaruzo na kubanwa kwa kawaida. Kompyuta ikitoka usawa wa meza ikaenda kwenye sakafu ya saruji, blanketi peke yake siliamini.

Mkeka wa watoto

Ni ile mikeka ya vipande vyenye meno, vinavyofungamana, yenye herufi na tarakimu. Vipande vidogo vya sentimita 30 havitoshi kompyuta, tafuta vile vya sentimita 60. Kipande kimoja cha 60 kinatoa mfuko mmoja na kipande cha kutosha kishikwambi kinabaki.

Hiki ndicho kilichofanya kazi kuliko vyote. Mdogo wangu aliangusha begi kutoka kwenye pikipiki iliyokuwa imesimama, likatua kwa kona. Kompyuta ikawaka. Nilipoufumua mfuko nikakuta mkeka una kibonyeo kwenye hiyo kona, ukubwa wa ukucha.

Gharama yake iko kwa fundi. Mkeka hauwezi kushonwa kama kitambaa. Ukiupitisha kwenye cherehani kwa nukta fupi za mshono, sindano inautoboa matundu ya karibukaribu na baada ya muda unakatika hapo kama stempu zinavyokatika. Ni lazima uingie katikati ukiwa mzima, kama mto unavyoingia kwenye foronya, na mishono yote ipite nje yake. Pasi pia usiikaribishe, mkeka unayeyuka. Halafu mfuko unakuwa mnene. Mwenye begi dogo atalalamika.

Kuna cha nne ambacho sikukipanga. Nilipokuwa natafuta jinsi kwenye mitumba nilikutana na makoti ya baridi, yale mepesi yenye mistari ya kushonwa na pamba ya poliesta ndani. Huku kwetu hayana soko, huuzwa bei ya kutupa. Mgongo wa koti moja kubwa unatoa mfuko mzima wa kishikwambi, tayari umejazwa, tayari umepigwa mistari, na kitambaa chake huteleza maji kiasi. Pamba hiyo hukauka haraka na haiwi unga. Kwa sarafu haifaulu, ukingo unasikika. Lakini kwa mwalimu na kishikwambi chake, sijaona kitu cha kazi ndogo na faida kubwa kama hicho.

Kona

Hapa ndipo nataka msomaji atulie, kwa sababu hata fundi mzuri hukosea hapa, na mimi nilikosea kwa miaka.

Ukishona mfuko wenye kitu ndani, cherehani inakataa unene kwenye mshono. Kwa hiyo fundi anapunguza: anakata sponji au blanketi lisifike kwenye mshono, ili mguu wa cherehani upite na mfuko ukipinduliwa kona zitoke kali. Mfuko unapendeza. Lakini sasa kingo zote na kona zote hazina kitu ndani, ni kitambaa juu ya kitambaa. Na kompyuta ikianguka haiangukii tumbo, huangukia kona. Tumejaza pale pasipopigwa na tumeacha wazi pale panapopigwa.

Dawa ziko mbili, na nazitumia zote. Ya kwanza ni chini ya mfuko. Usiweke mshono pale. Kata kipande kimoja kirefu cha kujazia kinachotoka mdomoni, kishuke, kizunguke chini, kisha kiinuke upande wa pili. Kompyuta inakalia zizi zima, wala hakuna mahali pa kupenya. Ya pili ni pembeni. Kipande hicho kiwe kipana kuliko kompyuta kwa sentimita 1 kila upande. Pande mbili zikikutana zinafanya kama mdomo unaotangulia mbele ya ukingo wa kompyuta, na mfuko ukigonga ukuta, huo mdomo ndio unaopokea.

Ukitaka kujua mfuko ulionunuliwa dukani umeshonwa vipi, ingiza kompyuta, kisha binya kona ya chini kwa vidole viwili. Ukigusa chuma kupitia kitambaa, jibu umeshalipata. Mifuko mingi ya dukani iliyotengenezwa kwa kitambaa cha nguo za kuzamia hufaulu vizuri pembeni kuliko ile ya sponji, kwa sababu kile kitambaa chenyewe ndicho kinga na kinafika mpaka kwenye mshono. Kama kompyuta yako ni ya kipimo cha kawaida na haitoki nyumbani, nunua huo, hela ya fundi ifanye jambo lingine.

Vipimo

Mteja ananitumia ujumbe: “Fundi, ni ya inchi 14.” Hizo inchi 14 ni za kioo, tena zimepimwa kimshazari, kona hadi kona. Kioo hicho kwa kawaida kina upana wa takriban sentimita 31, kisha kuna fremu inayokizunguka, na fremu za kompyuta za zamani ni nene kuliko za sasa. Mbili zote za inchi 14 zinaweza kupishana upana hata sentimita 2. Fundi akikata inchi 14 za tepu, yaani sentimita 35 na nusu, na mishono ikaingia humo humo, kompyuta itagoma mlangoni. Basi ilete yenyewe, au pima wewe: upana, kina, na unene ikiwa imefungwa, pamoja na vile vimiguu vya chini.

Tuseme ni sentimita 32 kwa 22, unene 2. Bitana: upana 32, ongeza unene 2, ongeza nafasi 1, ni 35. Ongeza mshono wa sentimita 1 na nusu kila upande, unakata 38.

Kitambaa cha nje hakiwi sawa na bitana, na hapa ndipo mifuko mingi inapotoka imebana. Kinachojaza katikati kinahitaji njia ya kuzunguka. Kwa kila nusu sentimita ya unene, ongeza sentimita 1 na nusu kwenye upana wa kitambaa cha nje. Blanketi lenye unene wa nusu sentimita: kata nje 39 na nusu. Mkeka wa sentimita 1: kata 41. Mkeka wenyewe upana wake 34, yaani 32 ya kompyuta na sentimita 1 kila upande. Urefu wake 22 na 2 na 22, ongeza 1 kila mdomo, jumla 48. Mara ya kwanza unaweza kuhisi kitambaa cha nje ni kikubwa mno. Kishone hivyo hivyo.

Nje: kitenge, kanga, jinsi, turubai

Kitenge kinatosha kwa anayetembea na mfuko ndani ya begi. Kikiwa peke yake nje, kingo zake zinachakaa kwenye zizi la chini, kwa hiyo ndani yake napiga pasi kile kitambaa cha kukazia kola kabla ya kujaza chochote. Jinsi haina haja ya hilo. Ukifumua mguu wa suruali pana ya kiume, sehemu ya mapaja, unapata kitambaa cha kutosha upande mmoja, na mfuko wa nyuma wa suruali ukiufumua polepole unaweza kuurudishia kwenye kifuko cha chaja. Turubai ni kwa ajili ya bodaboda na watu wa shamba. Usitegemee lizuie mvua lote, kwa kuwa kila tundu la sindano ni mlango. Zamani mtu alitumbukiza kompyuta kwenye mfuko wa nailoni akaendelea na safari. Tangu Juni 2019 mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini, na Kenya walitangulia mwaka 2017. Kwa hiyo kwa wasafiri wa mvua naongeza tabaka la kitambaa cha mwavuli uliovunjika kati ya turubai na mkeka, bila kukitoboa kwa mistari.

Kanga ni nyepesi kwa nje, lakini kwa bitana haina mpinzani, hasa iliyozeeka. Ila kuna wanaotaka jina la kanga lionekane. Inawezekana, na ni kazi nzuri ikipangwa. Jina likae kwenye mfuniko, pindo lizunguke mdomo, mji, ile sehemu ya katikati, uende mwilini. Kumbuka tu kwamba chini hakuna mshono: kitambaa kinashuka mbele, kinazunguka, kinapanda nyuma, kwa hiyo ndege au herufi zilizosimama mbele zitakuwa kichwa chini nyuma. Mama mmoja aliniletea kanga ya “Wema hauozi” aliyoachiwa na mama yake. Kwa hiyo niliikata ya nje vipande viwili nikaiunga chini, jina likasoma sawasawa kila upande, na blanketi la ndani nikaliacha zima, bila kuungwa. Kitambaa cha nje kikiungwa chini si neno. Kijazio ndicho kisikatwe.

Kufunga

Zipu ndiyo salama kuliko zote kwa kuzuia kuchomoka, na ndiyo inayokwaruza kuliko zote. Chukua ya nailoni namba 5, si ya chuma, na ndani yake shona ulimi wa bitana wa upana wa vidole viwili unaolala kati ya meno na kompyuta. Mteja wangu mmoja alinirudishia kompyuta yenye mstari mweupe kwenye kifuniko, kwa sababu ulimi huo niliusahau. Nililipa kwa kumshonea mfuko mwingine, na tangu siku hiyo ulimi naukata kabla ya zipu yenyewe.

Velkro hushonwa upesi na hufunga vizuri. Mswisi George de Mestral alipata wazo lake mwaka 1941 kwa kuangalia mbegu zilizoganda kwenye manyoya ya mbwa wake, mbegu za tabia ile ile ya ule mmea wetu wa kishona nguo, na kama kishona nguo haichagui cha kushika: inakamata nyuzi za kanga, inakusanya vumbi, na ikizeeka haishiki tena. Kwenye jinsi iweke, kwenye kanga usiiweke. Mwanafunzi wa maktaba pia ataichukia kwa kelele.

Kifungo na kitanzi cha lastiki kinamfaa mwalimu. Akivuta mara moja kimefunguka, na kikikatika anakishona mwenyewe. Vifungo vya sumaku sivitumii kabisa kwa kompyuta na vishikwambi, kwa kuwa vingi vina kihisi kinachotambua sumaku ya kifuniko, na sumaku ya mfuko inaweza kukizima na kukiwasha kioo bila mwenyewe kujua. Kompyuta inayowaka ndani ya blanketi haina pa kutolea joto. Hilo liwe wazi kwa kila mfuko, wowote utakaouchagua: zima kwanza, iache ipoe, ndipo uiingize, na usichaji ikiwa ndani.

Kwa anayeshona mwenyewe

Cherehani ya miguu inafaa kazi hii kuliko ndogo ya umeme, kwa sababu kwenye unene unaacha kukanyaga, unazungusha gurudumu kwa mkono, sindano inashuka moja moja. Sindano namba 16 kwa jinsi na blanketi, 18 kwa turubai. Uzi wa poliesta, kwa kuwa wa pamba unakatika kwenye zizi. Refusha nukta ifike milimita 3 na nusu hivi, legeza mguu wa cherehani kidogo. Sponji likigoma kuteleza chini ya mguu, weka karatasi nyeupe juu yake, shona juu ya karatasi, kisha ichane. Usitumie gazeti, wino wake unahamia kwenye kitambaa. Na kabla ya kupiga mistari, piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwa mkono kuanzia katikati kwenda nje, la sivyo bitana itakusanyika kona moja.

Nimchagulie nani nini

Mwanafunzi wa daladala na mwendokasi: blanketi ndani ya jinsi, na upande wa kioo peke yake uongezewe kipande chembamba cha mkeka. Huo ndio niliomshonea binti yangu baada ya ule wa sponji, na haujamzidi begi. Wa bodaboda: mkeka na turubai, asibadilishwe mawazo na unene. Mwalimu mwenye kishikwambi: mgongo wa koti la mitumba, kifungo na lastiki. Simu haihitaji mkeka, jinsi na flaneli zinaitosha, mradi chini pawe zizi. Anayetaka sponji kwa sababu ya umbo lake namshonea, lakini bitana ya upande mmoja naifunga kwa mshono wa mkono, ili baada ya mwaka tulitoe na kuweka jipya kabla halijawa unga.

Nikimkabidhi mtu mfuko, kompyuta yake tunaiingiza hapo hapo mezani. Nambinyisha kona zote nne yeye mwenyewe, moja baada ya nyingine. Kona ikigusa chuma, mfuko hautoki. Nautia mkasi mbele yake, nafumua upande huo, na anarudi kesho.